Malalamiko Juu ya Mwalimu Hekta, Anayekataa Masharti ya Kawaida

Bondeni, Nakuru
9 Novemba 1958

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka kumi na moja nimekuletea habari za Nakuru bila kukuomba nafasi ya kusema shida. Nimekupa mafuriko, nimekupa lori la maziwa lililopinduka, nimekupa kesi za kuku zilizofika mpaka kwa hakimu. Leo naomba safu moja kwa ajili ya malalamiko. Mimi ni katibu wa Shule ya Kiingereza ya Jioni hapa Bondeni, na kamati imenituma nikueleze jinsi mwalimu wetu anavyotusumbua kwa kukataa kutendewa mema.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Machi watu kumi na mmoja, wote wenye kazi zao mjini, kwenye reli au kwenye mashamba ya karibu, tuliungana tukafungua shule ya binafsi ya kujifunza Kiingereza. Tulikodi stoo ya magunia, tukanunua ubao, tukatafuta mwalimu. Hatukutaka wa kubahatisha. Tulitaka mwenye lugha mwenyewe, aliyeinyonya kwa mama yake.

Tulimpata Bwana Hector Gilchrist, mtu wa Skotlandi, umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa ameletwa kwa meli na shule nyingine ya binafsi, iliyokuwa ikiwafundisha Kiingereza wakulima wa Kigiriki na Kitaliano. Mwenye shule hiyo alifunga mlango siku moja akaenda Afrika Kusini, na Bwana Gilchrist akabaki na sanduku la vitabu, bila nauli ya kurudi kwao.

Sasa, ndugu, sisi hatujawahi kuajiri mtu. Sote tumeajiriwa tangu ujana. Tukaulizana: mtu akiandikwa kazi, hupewa nini? Mwenyekiti wetu, Mzee Khisa, ni nyapara wa shamba la kahawa kule Subukia kwa miaka ishirini na miwili. Alisema hilo si swali la kuumiza kichwa. Masharti ya kazi yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shamba, na bwana wake humwambia kila mwaka kwamba hakuna masharti bora kuliko hayo kutoka Naivasha mpaka Eldoret. Mzee Khisa aliyanakili kwa penseli Jumapili moja baada ya kanisa. Palipoandikwa "shamba" akaandika "shule", na palipoandikwa "jembe" akaandika "chaki". Mengine yote aliyaacha kama yalivyo, kwa sababu hakutaka kuharibu kazi ya watu waliosoma.

Bwana Gilchrist alipimwa kama inavyotakiwa. Micah Ogola, fundi wa reli, alimhesabia meno na kumgonga mgongoni, maana yeye mwenyewe alipimwa hivyo alipoandikwa. Meno yalikuwa ishirini na saba. Bwana Gilchrist alifungua kinywa kwa heshima kubwa, akidhani ni mila ya kwetu. Kisha akataka kutia sahihi. Mzee Khisa alimletea wino akamwomba kidole gumba. Aliuliza karatasi inasema nini, kwa kuwa wakati huo hakujua Kiswahili. Tulimjibu kweli tupu, kwamba ni masharti ya kawaida. Akacheka, akapiga kidole.

Kwa hiyo mkataba ni halali. Lakini tarehe tatu mwezi huu alitoa notisi kwamba ataondoka Jumamosi ya tarehe 22, na haraka ya barua hii inatoka hapo. Kati yetu kuna Milcah Akoth, yaya katika nyumba moja ya Wazungu upande wa mlimani. Tarehe 10 Desemba ataingia mtihani wa kupokelewa kusomea ukunga. Mwaka juzi alishinda hesabu akaanguka Kiingereza cha mazungumzo. Mwaka jana vivyo hivyo. Mwakani atakuwa amepita umri unaopokelewa. Mwalimu akiondoka tarehe 22, Milcah atarudi kufua nepi za watoto wa watu mpaka watoto hao waoe.

Makosa ya mwalimu ni haya.

1. Hapendi jina lake. Mtu wa kazi huitwa kwa jina moja, tena fupi, hivyo tulimwita Hekta. Na kwa kuwa kila mtu wa kazi huitwa boi, wageni wakija tulimtambulisha kwao kuwa ndiye boi wetu wa Kiingereza. Mwezi wa Juni alituomba kwa upole tumwite Bwana Gilchrist. Mzee Khisa alimweleza kwamba yeye ana wajukuu wanne na bado anaitwa boi kila asubuhi, na hajawahi kulazwa hospitali kwa sababu hiyo. Hekta aligeukia ubao akaendelea na somo. Tulidhani ameridhika.

2. Anaikataa nyumba. Karatasi inasema mtumishi atapewa nyumba, nasi tulimpa. Ni chumba cha mabati nyuma ya stoo, futi kumi kwa kumi, anachokaa pamoja na Micah Ogola, binamu wa Ogola, na baiskeli ya binamu. Hekta alisema hakuna dirisha. Tukamwonyesha karatasi: neno dirisha halimo. Akasema mchana mabati yanachoma. Ogola akamwambia, "Hekta, ndugu yangu, nyumba ya kazi si ya kukaa mchana. Mchana mtu yuko kazini." Akajibu kwamba kazi yake ni ya jioni. Hapo sote tuliona kwamba kosa ni la saa zake na wala si la nyumba.

3. Haridhiki na posho. Anapata ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, chumvi, maharagwe kila Jumamosi, na blanketi moja kwa mwaka. Juma la kwanza aliusifu unga, akasema hata kwao wanakula uji. Juma la tatu akauliza kama kuna kitu kingine. Tulimwuliza kitu gani. Alitaja nyama, mkate na chai, akasema mwili wa mtu unahitaji zaidi ya unga. Kauli hiyo iliushangaza mkutano. Milcah aliuliza, "Mwili wa mtu yupi?" na mwenyekiti akaamua swali lake liko nje ya utaratibu. Nimeliandika kwenye kumbukumbu hata hivyo, kwa kuwa nilikuwapo na liliulizwa.

4. Anabishana na tikiti. Hapa sitataja fedha, maana ugomvi wenyewe ni wa kuhesabu siku. Karatasi inasema mshahara haufuati mwezi wa kalenda. Unafuata tikiti yenye siku thelathini. Kila jioni kazi ikiisha, nyapara anaweka alama. Kazi isipoisha, hakuna alama. Alhamisi ya tarehe 14 Agosti somo lilikuwa namna ya kuomba radhi. Mwishoni Mzee Khisa alimwuliza Ogola kama ameelewa. Ogola ni mtu mkweli. Alisema, "Nusu." Basi kazi ilikuwa imefika nusu, na tikiti haina mahali pa nusu. Hekta alisema hawezi kuadhibiwa kwa ajili ya kichwa cha mtu mwingine. Mzee Khisa akamjibu bila hasira, "Kijana, mimi nimekatwa siku kwa ajili ya mvua." Kwa rekodi zangu, mwezi wa Agosti wa Hekta uliisha tarehe 19 Septemba. Yeye anasema jambo hilo haliwezekani. Nimemwonyesha tikiti.

5. Anasafiri bila cheti. Mtumishi hatoki bila cheti cha mwajiri kinachosema anakwenda wapi na atarudi lini. Jumamosi moja ya Oktoba Hekta aliondoka akaenda Gilgil kumwona rafiki yake, kama mtu anayeishi tu. Mzee Khisa alihuzunika sana. Alisema hata kwenye mazishi ya kaka yake alikwenda na cheti, na alirudi kabla ya maombi ya mwisho kwa sababu cheti kiliandikwa saa kumi.

Kibaya zaidi ni kile alichorudi nacho. Rafiki huyo, aliyekuwa Gilgil kwa matembezi tu, pia anafundisha Kiingereza, katika shule ya binafsi ya Nairobi, na alikuwa amemwandikia Hekta masharti yake kwenye karatasi. Tuliyasoma mkutanoni. Ana nyumba ya mawe, na mpishi. Kila baada ya miaka mitatu anakwenda kwao miezi sita, shule inamlipia meli, yeye na mkewe, na mshahara unaendelea kutembea yeye akiwa amelala Ulaya. Akiugua analipwa. Hapo Ogola alitoka nje kucheka, akarudi, akaomba tumsomee tena hapo penye ugonjwa.

Mzee Khisa aliuliza, "Huyo rafiki anafundisha Kiingereza kipi?"

Hekta akasema, "Hiki hiki."

"Basi amekudanganya, kijana. Usiende tena Gilgil."

Kamati iliamua kwamba mtu anayelipwa huku amelala mgonjwa hayupo duniani, na kama yupo basi huyo si mtumishi, ni ndugu wa mwenye mali. Hekta alipewa onyo la kwanza kwa safari bila cheti. Hakupewa la pili kwa kueneza uvumi, kwa kuwa ni mgeni.

6. Ametuharibia uhusiano na jamaa zake. Karatasi inasema wakati wa mavuno mke na watoto wa mtumishi watakuwa tayari kuitwa. Shule haina mavuno, hilo tunalijua. Lakini Mzee Khisa alisema mkataba hauchaguliwi kama maharagwe, unaliwa wote. Shamba lake lilikuwa linatafuta wachumaji. Basi mimi mwenyewe nilimwandikia Bi. Gilchrist, Skotlandi, kumwarifu kwamba anahitajika Subukia kuchuma kahawa kuanzia katikati ya Oktoba, na kwamba aje na kikapu chake. Hakunijibu. Kamati haimlaumu, kwa kuwa barua za meli huchelewa. Alimwandikia mumewe, na tangu siku hiyo Hekta hanipi mkono. Karatasi inasema pia kwamba ng'ombe wa mtumishi wasizidi kumi na watano. Hekta hana ng'ombe hata mmoja. Hicho ndicho kifungu pekee ambacho hajalalamikia.

7. Ametoa notisi nzuri mno. Ina kurasa tatu, na Kiingereza chake ni safi kiasi kwamba tuliitumia kama somo la kusoma jioni ile ile. Mwalimu mwenyewe alitunga maswali juu ya notisi yake na kusahihisha majibu. Milcah alipata nane kwa kumi, alama yake ya juu tangu Machi. Maneno mawili yaliyomshinda alielezwa na Hekta kwa subira, mara tatu, mpaka akayatumia katika sentensi zake mwenyewe. Ndugu Mhariri, nimeona walimu. Mtu anayefundisha vizuri namna hiyo kwa barua ya kuacha kazi si wa kumwachia aende.

Baada ya somo hilo Milcah alisimama mkutanoni akasema, "Mzee Khisa, akienda huyu, tarehe kumi Desemba utakaa wewe kwenye kiti changu?"

Mzee Khisa akasema, "Binti yangu, nani anamfukuza? Ni yeye anayeikimbia raha."

"Raha hiyo, mzee, mbona hata wewe hukuihamia?"

Mwenyekiti aliahirisha mkutano kwa sababu ya mvua. Mvua ilianza baadaye kidogo.

Sasa ombi letu. Sisi tukimwambia Hekta kwamba masharti haya yanatosha, yeye hatuamini. Anasema sisi ndio waajiri, na mwajiri lazima aseme hivyo. Tunakubali kwamba neno lake lina uzito. Kwa hiyo tunahitaji mashahidi wasio na upande. Magazeti ya nchi hii yamechapisha kwa miaka mingi barua za mabwana wa mashamba ya bonde hili, wakieleza jinsi mtumishi anavyonenepa kwa posho, anavyopenda chumba kidogo kwa sababu kina joto, na jinsi mshahara mkubwa unavyoweza kumharibu tabia. Nimezisoma zote. Zimeandikwa na watu wenye elimu, na hakuna hata mmoja anayeonyesha shaka.

Tunaomba watano kati ya mabwana hao, wenye sifa njema, wamwandikie Hekta kwa Kiingereza, Mzungu kwa Mzungu, kumhakikishia kwamba mtu anaweza kuishi hivi na kushukuru. Tunaomba waandike kabla ya tarehe 22. Na kama mmoja wao ana nafasi, aje akae siku saba katika chumba kile, ale ratili zake mbili, aitwe kwa jina lake la kwanza, ili mwalimu ajifunze kwa mfano. Mahali pa kulala papo. Binamu wa Ogola amekubali kuitoa baiskeli nje.

Nawasalimu wapiga chapa wako wote, hasa yule anayesoma mwandiko wangu bila kuuliza. Nawasalimu mama watoto na watoto, na jirani yako aliyenikaribisha ugali mwaka jana nilipokosa gari la moshi. Wanafunzi wote wa shule hii wanakusalimu, na Hekta pia anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika.

Mimi, katika kumtetea mwajiri,

Jafeti Nyongesa
Katibu, Shule ya Kiingereza ya Jioni

Nyongeza, Jumapili 16 Novemba. Ndugu Mhariri, tafadhali usiichapishe barua iliyo hapo juu. Naituma tu ili uelewe kwa nini sikukuletea kitu juma lililopita.

Ilikuwa bado sijaitia posta siku ya Jumatano, kamati ilipokutana. Mzee Khisa alieleza kwamba majibu ya mabwana huenda yakachelewa, na mtihani haungoji. Kwa kuwa baada ya Hekta mimi ndiye ninayejua Kiingereza zaidi, kamati iliamua nishike nafasi yake kwa masharti yale yale. Mzee alikuwa amekuja na wino.

Nilisema nataka kwanza kuiona nyumba. Niliiona saa nane mchana. Nilikaa ndani dakika ishirini, nikatoka, nikaomba karatasi. Niliandika mambo sita ambayo bila hayo sianzi kazi: niitwe Bwana Nyongesa, chumba kiwe changu peke yangu na kiwe na dirisha, nile nyama na kunywa chai, nilipwe kila mwisho wa mwezi, Ogola awe ameelewa au hakuelewa, Jumamosi yangu iwe yangu bila cheti, na mke wangu aachwe Bungoma kwa amani.

Milcah aliyasoma kwa sauti. Alipomaliza akasema, "Bwana katibu, haya si ndiyo ya Hekta?"

Nilimjibu kwamba hapana, yangu ni tofauti kabisa, kwa sababu haya ni mahitaji ya mtu.

Ogola alitazama ubao. Mzee Khisa alifunga chupa ya wino pole pole, akaitia mfukoni, akauliza wanaokubali masharti sita wanyoshe mikono. Tulinyosha wote, nami nikiwamo. Kisha Milcah akauliza, kwa kuwa masharti sasa ni mazuri, kwa nini tusimpe aliyeinyonya lugha kwa mama yake. Mikono ikanyoshwa tena. Mimi niliinua wangu mwisho. Nimekuwa mwalimu kwa muda wa dakika nne, na sikuwahi kulala mule chumbani.

Bwana Gilchrist amechana notisi, ingawa Milcah aliokota ukurasa wa pili akauhifadhi. Ogola ametoboa dirisha kwa tindo za reli, yeye na binamu yake wamehamia kwangu, na mwalimu anamfundisha Milcah mazungumzo jioni tano kwa juma. Juzi alimwuliza maswali arobaini mfululizo, na ni mwalimu aliyechoka kwanza.

Jambo moja limebaki, nalo linagusa kazi yetu mimi na wewe. Wanachama tisa walibaki baada ya mkutano wakiyatazama yale mambo sita, na sasa kila mmoja anataka nimwandikie barua kama hiyo kwa mwajiri wake. Bwana Gilchrist atazitia Kiingereza bila malipo, nje ya saa zake. Kwa hiyo habari za maonyesho ya kilimo zitachelewa. Nimeanza na ya Mzee Khisa, nikidhani itakuwa fupi. Tuko ukurasa wa tisa.